Sweta ya Nesi Wetu

Hadi kisa hiki kilipotokea, kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, Mpishi alikuwa akivaa kizibao chake cha kijivu, akifunga kamba za viatu, kisha akisimama kidogo mlangoni na kunusa hewa kama mtu anayeonja mchuzi. Yalikuwa mazoea tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepika katika shule ya bweni yenye wanafunzi mia tatu, na pua yake ilikuwa imekuwa saa yake na mizani yake. Maharage yakikaribia kuungua, yeye alijua akiwa bado uani. Chumvi ikipungua, aliitambua kwa mvuke. Hakupima kitu. Hakusoma maandishi ya pakiti. Alikuwa akitia, akikoroga, akionja, kisha akisema neno moja tu: "Tayari."

Siku barua ya hospitali ilipofika, aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Binti yake alikuwa amefaulu mitihani yote ya uuguzi. Alikuwa ameitwa kula kiapo na kuanza kazi. Mpishi aliikunja barua polepole, akamtazama binti kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema:

"Tayari."

Mkewe alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kufikia jioni, mtaa mzima ulikuwa umewabadilisha majina. Fundi viatu aliyeketi kona ya barabara aliita, "Baba Nesi, hongera!" Muuza mboga naye akaita, "Mama Nesi, usitusahau tukiugua!" Mpishi alitembea siku hiyo kama mtu aliyeongezewa urefu.

Barua ilikuwa na orodha ya mavazi. Gauni jeupe. Viatu vyeusi vinavyofunika vidole. Saa yenye mshale wa sekunde. Na mwisho: sweta ya sufu, rangi ya buluu ya kukolea, isiyo na nakshi wala urembo.

"Sweta ninayo," alisema binti. Alifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa sweta nene ya rangi ya maziwa.

Wote watatu waliijua historia ya sweta ile. Mama aliifuma katika mwaka wa kwanza wa masomo ya binti yake, kila siku mistari michache, kwa uzi halisi wa manyoya ya kondoo. Baada ya hapo ugonjwa wa viungo ulimshika vidole. Sasa aliweza kushika kikombe na hata sindano ndogo, lakini vijiti vya kufumia vilikuwa vimemshinda. Hiyo ilikuwa sweta ya mwisho kutoka mikononi mwake.

"Lakini hii ni nyeupe, mama," binti alisema kwa upole. "Na ona, ina doa la chai hapa kifuani. Wao wanataka buluu. Usijali, nitatafuta nyingine."

"Sawa, mwanangu. Tafuta nyingine," alijibu mama. Alikuwa akiulainisha mkono wa sweta kwa kiganja chake, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

Mpishi aliona kile kiganja. Akakata shauri papo hapo.

"Nyingine ya nini? Hii itatiwa rangi."

"Na nani?" waliuliza wanawake wote wawili kwa pamoja.

"Na mimi. Kwani kutia rangi ni nini? Ni maji, moto na kukoroga. Mimi napikia watu mia tatu. Nitashindwa na sweta moja?"

Binti alimtazama babake kwa jicho la kinesi, lile linalopima homa bila kipimo.

"Baba, chuoni sindano ya kwanza tuliidunga kwenye sponji, hatukuidunga kwenye mtu. Jaribu kwanza na kitu chako. Sponji yako iko wapi?"

Mpishi aliangalia huku na huku. Kisha akaangalia kifua chake. Kizibao cha kijivu nacho kilikuwa cha sufu. Aliachiwa na mpishi mkuu aliyemfundisha kazi, siku mzee huyo alipostaafu.

"Haya," alisema, akikivua. "Mtaona."

*

Jumapili mchana Mpishi aliingia jikoni na pakiti ya rangi yenye picha ya kitambaa cha buluu. Picha ilimtosha. Aliteleka sufuria kubwa ya nyumbani, ile ya aluminiamu ya kupikia maharage, akangoja mpaka maji yakachemka na kutoa povu. Akamwaga unga wote wa rangi. Akatupa konzi ya chumvi, maana alisikia mahali kwamba chumvi hushikisha rangi. Kisha akakitosa kizibao, akashika mwiko, akaanza kazi.

Alikoroga kama anayekorogea bweni zima. Maji yaliruka. Ukuta ulipata madoa. Harufu nzito ilijaa nyumba nzima.

Baada ya nusu saa aliinua mwiko, akaupuliza, akausogeza mdomoni.

"We! Mume wangu! Unaonja rangi?"

Mwiko ulisimama upana wa kidole kutoka kwenye midomo yake. Mpishi aliutazama kana kwamba umekuja wenyewe. Binti alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Ungekuwa mgonjwa wangu wa kwanza, baba! Ningeandika nini kwenye faili? 'Alikuwa anaonja chumvi ya kizibao'?"

"Ni mkono tu umezoea," alisema Mpishi. Naye alicheka, ila kidogo.

Alikitoa kizibao kwenye maji yanayochemka, akakitumbukiza moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi. Akakikamua kwa nguvu zake zote. Kisha akakikunjua.

Hakikukunjuka sana. Kizibao kilichokuwa kikimfunika mpaka kiunoni sasa kilikuwa kifupi kuliko aproni ya mtoto. Kilikuwa kigumu na kinene kama kadibodi. Rangi nayo ilikuwa imekaa mabakamabaka, hapa buluu, pale kijivu, kwapani zambarau.

"Tumvalishe nani sasa?" aliuliza binti.

"Chupa ya chai," alijibu mama. "Itapata koti zuri."

Walicheka, lakini Mpishi hakucheka tena. Alikuwa akiifikiria ile sweta ya rangi ya maziwa. Kama binti asingesema habari ya sponji, ndiyo ingekuwa imelala kwenye beseni hili. Na mkewe asingeweza kufuma nyingine. Si mwaka huu, wala mwaka mwingine wowote.

Mama aliirudisha sweta sandukuni. "Achana nayo, Baba Nesi," alisema. "Sweta ni sweta tu."

Mpishi alikuwa ameishi naye miaka mingi ya kutosha. Alijua wazi kwamba hakuwa akimaanisha alilolisema.

"Hodi humu!" sauti iliita kutoka uani.

Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mzee, mwembamba, mwenye kutembea haraka. Watu walimwita Bi Nili. Jina hilo, la rangi ya buluu ya kutilia nguo, alipewa kazini. Kwa miaka thelathini alifanya kazi katika chumba cha rangi cha kiwanda cha sufu, na kucha zake zilikuwa za buluu mpaka alipostaafu.

"Karibu, mama," alisema Mpishi.

"Nimekaribia zamani, nimevutwa na pua. Nilikuwa nimekaa kwangu, nikasikia harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Nikasema, hapa kuna mtu anachemsha sufu. Maiti iko wapi?"

Binti alimwonyesha kizibao. Bi Nili alikigeuza, akakigonga kwa kidole. Kikatoa sauti.

"Kimeiva," alisema.

Mpishi aliinamisha kichwa. "Nimekosea wapi? Chumvi ilikuwa kidogo?"

"Chumvi haina kosa kubwa. Keti nikueleze." Alivuta kiti, akakibinyabinya kizibao kwa vidole. "Unywele wa kondoo una magamba madogo sana, kama ya samaki. Kwa macho huyaoni. Ukiushtua kwa moto mkali, ukausukasuka, halafu ukautupa ghafla kwenye baridi, magamba yale yanang'ang'aniana. Yakishashikana, hayaachani tena. Ndiyo maana kizibao kimesinyaa na kuwa kigumu. Na hayo mabaka… nipe hiyo pakiti."

Mpishi aliiokota pakiti kwenye taka, akampa. Bi Nili hakuipokea.

"Nisomee wewe. Miwani yangu iko nyumbani."

Mpishi alisogea dirishani. Akasoma kwa sauti: "'Kwa nguo za pamba na kitani. Haifai kwa sufu.'" Akayasoma tena yale maneno matatu ya mwisho, safari hii bila sauti.

"Yalikuwa yameandikwa muda wote huo?" aliuliza mama.

"Muda wote," alisema Mpishi.

"Basi. Kila aina ya uzi ina rangi yake," Bi Nili alisema. "Na jambo jingine. Sufuria hii isirudi jikoni. Mwiko huu nao usirudi."

"Sufuria hii?" Mpishi aliruka. "Mama, sufuria hii ndiyo imemlea huyu nesi!"

"Imefanya kazi nzuri. Sasa imestaafu, kama mimi. Rangi ya nguo si chakula. Chombo kikishatiwa rangi, hakipikiwi tena, hata ukisugua namna gani."

"Ni kweli, baba," alisema binti. Safari hii hakuwa anacheka.

Mpishi aliitazama sufuria. Akamtazama mkewe, kisha akalikumbuka sanduku lililo chini ya kitanda. Kulikuwa na neno alilokuwa hajalitamka mbele ya sufuria kwa miaka ishirini na miwili. Alilitafuta, akalipata.

"Nifundishe," alisema.

Bi Nili alitabasamu. "Maziwa unayachemshaje?"

"Maziwa? Kwa moto mdogo. Nasimama hapo hapo. Siondoi jicho."

"Unayapiga kwa mwiko?"

"Hapana! Nayageuza taratibu."

"Basi kazi nusu unaijua. Kosa lako ni moja. Umeipika sufu kama maharage. Ipike kama maziwa. Jumamosi nitakuja na sufuria yangu."

*

Wiki hiyo ilipita polepole. Kiapo kilikuwa kimebakiza siku kumi na tatu, halafu kumi, halafu saba. Jumamosi asubuhi Bi Nili alifika na sufuria pana ya enameli, mizani ndogo, glavu za mpira, barakoa, chupa ya siki nyeupe na pakiti mbili.

"Sufuria ya aluminiamu haipatani na siki," alieleza. "Enameli isiyobanduka ni nzuri. Chuma kisichoshika kutu pia ni kizuri."

Kwanza alitaka kuwa na hakika kwamba sweta ni ya sufu tupu. Mama alikuwa na donge dogo la uzi uliobaki. Walikata kipande kifupi, binti akakishika kwa koleo juu ya sahani yenye maji, wakakiwasha. Kilinuka kama nywele zilizoungua. Jivu lake lilivunjika kwa kuguswa.

"Ni sufu," Bi Nili alisema. "Uzi wa plastiki ungeyeyuka na kuacha tone gumu."

Walipima sweta ikiwa kavu. Ilikuwa gramu mia sita. Mpishi alisimama dirishani na pakiti mpya. Alivaa miwani, akakohoa kama mtu anayesoma hotuba.

"'Rangi ya sufu na hariri. Kwa rangi ya kukolea, pakiti moja kwa gramu mia tatu za nguo kavu.' Basi tunahitaji mbili. Na tunazo mbili." Aliishusha miwani. "Kumbe haya maandishi yana akili."

Mama alikuwa na wazo lake. Alitandika karatasi kubwa ya kaki mezani, akailaza sweta juu yake, akaichora kwa penseli pande zote. "Nataka kujua kama itapungua," alisema. "Hata kwa kidole kimoja."

Kisha waliifua kwa sabuni laini katika maji ya vuguvugu, bila kuisugua, mpaka doa la chai likafifia. "Palipo na mafuta au uchafu, rangi hupakataa," Bi Nili alisema. Waliiacha ilale majini nusu saa ili ilowe hadi ndani, kwa kuwa nguo iliyolowa nusu hunywa rangi nusu.

Walifungua madirisha yote. Vyakula na vikombe vilikuwa vimetolewa jikoni tangu asubuhi. Bi Nili alivaa barakoa na glavu, akafungua unga wa rangi taratibu usipeperuke. Aliukoroga katika bakuli la zamani kwa maji ya moto, kisha akauchuja kwa kitambaa.

"Punje moja isiyoyeyuka," alisema, "inatosha kukuachia doa begani."

Alichota rangi kidogo, akaitia kwenye kopo pamoja na maji na siki. Wakaupika kwanza ule uzi uliobaki. Ulitoka buluu nzito, ya kina, kama anga muda mfupi baada ya jua kuzama.

"Hiyo ndiyo sponji," alisema binti.

Mama aliusuuza uzi ule, akautundika kwenye msumari. "Utafaa siku moja," alisema.

Ndipo zamu ya sweta ikafika. Mpishi alijaza sufuria ya enameli maji ya vuguvugu, mengi ya kutosha sweta kuogelea bila kubanwa. Bi Nili alimwaga rangi, akaikoroga vizuri. Mama mwenyewe aliiinua sweta iliyolowa. Akamtazama mumewe.

"Hii si ya maharage, eh?"

"Hii ni maziwa," Mpishi alijibu.

Sweta iliingia majini. Weupe wake ulizama, ukapotea.

Moto ulikuwa mdogo. Mpishi alivuta kigoda, akakaa mbele ya sufuria. Mkono wake uliutafuta mwiko. Mkewe aliushika mkono ule.

"Geuza kama unavyomgeuza mtoto aliyelala," alisema.

Akageuza hivyo. Upande huu, kisha upande ule, polepole, huku hewa iliyojificha ndani ya sweta ikitoka kwa mapovu madogo.

Maji yalipopata joto, waliinua sweta na kuiweka juu ya mfuniko. Bi Nili alipima vikombe viwili vya siki, akavimimina na kukoroga. "Siki haimwagwi juu ya nguo," alisema. "Itavuta rangi mahali pamoja." Sweta ikarudi ndani.

"Na chumvi?" aliuliza Mpishi.

"Chumvi waachie wanafunzi wako."

Binti alikuja na kipimajoto chake kipya cha kazini. Alikuwa anakionea fahari sana. "Nipime?"

"Hicho ni cha mgonjwa, mwanangu," Bi Nili alisema. "Hapa kitaharibika. Tazameni maji. Yakitoa mvuke na mapovu madogo pembeni, yanatabasamu. Yakianza kurukaruka katikati, yanacheka. Sisi tunataka yatabasamu. Yasicheke."

Walikaa. Nusu saa ya kupandisha joto, nusu saa nyingine ya kulituliza pale pale. Fundi viatu alifika mlangoni kuuliza kiapo ni saa ngapi. Bi Nili akageuka kumjibu. Binti akageuka. Mama naye akaanza kueleza habari ya gauni jeupe.

Mpishi hakugeuka. Masikio yake yalikuwa yamesikia jambo. Sauti ya maji ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imeshuka kidogo na kuwa nzito, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga kelele. Juu ya maji hakukuonekana kitu bado. Alizima moto, akaiondoa sufuria juu ya jiko kwa mikono miwili, akaituliza mezani.

Povu moja kubwa lilipanda katikati, likapasuka. Halikufuatwa na jingine.

Bi Nili alikuwa amegeuka tena. Alilitazama lile povu, kisha moto uliozimwa, kisha Mpishi.

"Umejuaje?"

"Maji yameniambia."

"Kiwandani tulikuwa na vipimajoto ukutani, vikubwa kama saa ya kanisa," alisema mwanamke yule taratibu. "Mtu mwenye masikio hayo hatukuwa naye. Ungefanya kazi kwangu."

Mpishi aliangalia chini ili wasione uso wake. Lakini mkewe aliuona, akamfinya bega.

Waliirudisha sufuria kwenye moto mdogo zaidi. Muda ulipotimia, Bi Nili alichota maji kwa kijiko, akayamimina kwenye sahani nyeupe. Yalikuwa karibu meupe kabisa.

"Rangi imekwenda wapi?" aliuliza binti.

"Imehamia," alijibu Bi Nili. "Imepata nyumba. Sasa acheni sweta ipoe humo humo. Msiishtue."

Walingoja mpaka jioni. Waliisuuza kwa maji ya joto lile lile la sufuria, mara tatu, mpaka maji yakatoka safi. Maji machafu waliyamwaga kwenye mtaro wa maji taka, mbali na bustani. Hawakuikamua sweta. Waliiviringisha ndani ya taulo, wakaibonyeza kwa viganja. Kisha mama aliitandaza kivulini, juu ya ile karatasi ya kaki, akaivutavuta kidogo kwenye pembe.

Mkono uligusa mstari wa penseli. Bega liligusa mstari. Pindo likagusa mstari.

"Haikupungua," alisema mama. Akapitisha kidole kuzunguka mchoro wote. "Haikupungua hata kidole."

*

Jumatatu asubuhi sweta ilikuwa imekauka. Mama aliinua mabega yake dirishani, akaguna.

Kwenye mabega na ubavuni kulikuwa na mistari myeupe, yenye kung'aa kama njia ya konokono. Mama alikuwa ameviunganisha vipande vya sweta kwa uzi wa kawaida wa cherehani, na uzi ule haukuguswa na rangi hata kidogo.

Bi Nili alipoitwa, alijipiga paji la uso. "Uzi wa plastiki! Haunywi rangi hii. Nilikagua sufu, nikasahau mishono. Kosa hilo ni langu."

Barua ilikuwa imesema bila nakshi wala urembo. Kiapo kilikuwa Jumamosi.

"Nitavaa koti juu," alisema binti.

"Hutavaa koti," alisema mama. Alikwenda kwenye msumari, akautungua ule uzi wa majaribio. Buluu ile ile. "Nilisema utafaa."

"Mama, vidole vyako."

"Vimekataa vijiti. Sindano havijaikataa."

Kila asubuhi wiki hiyo alilaza vidole kwenye maji ya vuguvugu mpaka vikalainika. Kisha alishona nusu saa, si zaidi, akiifunika mishono myeupe mmoja mmoja. Mpishi alimtungia uzi sindanoni kabla ya kwenda kazini. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa. Ijumaa alimaliza. Aliacha mshono mmoja tu mweupe, ndani ya ukosi, mahali ambapo hakuna jicho lingefika.

"Umesahau mmoja," Mpishi alisema.

"Sijasahau. Ndiyo sahihi yangu."

Jumamosi ukumbi wa hospitali ulijaa wazazi. Wauguzi wapya walisimama mstari mmoja, na mkuu wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya mamlaka, alipita akikagua kila mmoja. Viatu. Kucha. Saa. Alipofika kwa binti alisimama. Akashika pindo la mkono wa sweta kwa vidole viwili, akalisugua, akaligeuza ndani na nje.

Mpishi alikuwa safu ya pili. Alishika pumzi kama siku maji yalipotaka kucheka.

"Rangi imekaa vizuri sana," alisema mkuu wa wauguzi. "Na huu si ufumaji wa mashine. Hii umeitoa wapi?"

Binti alinyoosha mgongo.

"Mama aliifuma," alisema, kwa sauti iliyofika hadi safu ya nyuma. "Baba aliipika."

Ukumbi ulicheka. Mkuu wa wauguzi naye alicheka, kisha akawatafuta wazazi kwa macho. Mama alikuwa amekwisha simama. Hakumbuki nani alimwambia asimame. Mpishi alisimama kando yake, akaushika ule mkono wenye vidole vilivyokakamaa, wakabaki hivyo mpaka kiapo kilipoanza.

*

Sasa sufuria ya maharage iko uani, kwenye rafu ya juu. Ubavuni Mpishi ameiandika kwa herufi kubwa: RANGI TU. Ndani yake mna glavu, kitambaa cha kuchujia na ule mwiko. Kizibao nacho hakikutupwa. Bi Nili alikikata vipande sita, maana sufu iliyoshikana vile haipitishi joto kwa urahisi, na sasa ndivyo vishikio vya kuteremshia masufuria shuleni. Wapishi wenzake huviazima. Yeye huwaambia vimetoka kwa mpishi mkuu wa zamani, ambaye bado yuko kazini.

Jumamosi iliyopita fundi viatu alikuja na shali ya mkewe iliyopauka, na pakiti ya rangi mkononi.

"Baba Nesi, nipikie na mimi. Wanasema wewe huhitaji hata kupima."

Mpishi alivaa miwani. Alisogea dirishani kwenye mwanga.

"Hao wanaosema walikuwa wananijua zamani," alisema. "Leta hiyo pakiti. Kwanza tusome."